Sange na Sheria ya Bwawa la Lukoka

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata Kobe alikuwa bado kijana na gamba lake halijakauka vizuri, wanyama walikaa kama watu. Walikuwa na nyumba, walikuwa na ndoa, walikuwa na majirani wa kuombana chumvi, na walikuwa na serikali.

Ndiyo, serikali! Mnacheka nini? Palipo na wengi, na maji yakawa haba, serikali haikosekani.

Basi katika nchi hiyo palikuwa na bwawa moja, jina lake Lukoka. Mwaka huo jua lilikaa kitako juu ya nchi, likakataa kuondoka. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Majani ukiyakanyaga yanalia kacha, kacha, kacha! Maji yaliyobaki yalikuwa ya Lukoka tu, na kila mwenye koo alikwenda kunywa huko.

Jirani na bwawa hilo aliishi Bi Sange. Mnamjua Sange? Ana umbo la panya, ana miguu ya kurukia, na pua yake ni ndefu, inachezacheza mchana kutwa kama inatafuta kitu kilichopotea. Bi Sange alikuwa na watoto wake mapacha, na alikuwa hodari wa kufagia. Kila asubuhi alifagia vijia vyake vyote vya porini, fya, fya, fya, kwa sababu Sange akikimbia hataki jani limkwaze.

Asubuhi moja alikuwa anafagia, mara akasikia baragumu.

Puuu! Puuuuu!

La mgambo likilia, kuna jambo. Bi Sange akatupa ufagio, akaruka mpaka bwawani. Akawakuta wanyama wamejaa. Fisi, katibu wa Baraza la Wakubwa, amepanda juu ya kichuguu, kifua mbele.

"Sikilizeni!" Fisi akasema. "Kwa mujibu wa mamlaka ya Baraza, na bila kuathiri yaliyotangulia wala yatakayofuata, na isipokuwa pale itakapoelekezwa vinginevyo..."

"Anasema nini?" Bi Paa akauliza. Alikuwa amesimama na mtoto wake mchanga, miguu ya mtoto bado inayumba.

"Sijui," akajibu Kanga. "Labda anaumwa."

Bi Sange akapaza sauti: "Bwana Katibu! Tuambie kwa Kiswahili cha kunywea uji!"

Wanyama wakacheka. Fisi akakunja uso.

"Haya! Mnataka cha kunywea uji? Chukueni! Wanyama wadogo, marufuku kunywa Lukoka. Mnatibua maji kwa vijimiguu vyenu. Baraza litakaa mwezi ukiandama, na sheria itapita. Ikishapita, mdogo atakayeonekana hapa atafukuzwa nchi!"

Bi Paa akamvuta mwanawe karibu, akauliza: "Sasa sisi tukanywe wapi?"

"Sheria haikusema mkanywe wapi," akasema Fisi. "Sheria imesema msinywe wapi. He-he-heee!"

Akashuka kichuguuni, akaenda zake.

Wanyama wadogo wakaenda nyumbani kwa Bi Sange, wakakaa kivulini uani kwake. Bi Paa analia. Kanga amevimba kwa hasira, manyoya yote yamesimama.

"Maji mengine yako nyuma ya milima," akasema Bi Paa. "Mwanangu huyu hata kukimbia bado. Nikimpeleka huko, atafika?"

Jibu walilijua wote.

"Twende tukapige kelele!" akasema Kanga. "Twende sote, tupige kelele mpaka masikio yawatoke!"

"Watatukanyaga," akasema Bi Sange.

"Basi twende tukawapigie magoti," akasema Bi Paa.

"Watatucheka."

"Sasa tufanye nini?"

Pua ya Bi Sange ikacheza upande huu, ikacheza upande ule. Akasema: "Mimi nitakwenda kuisifu ile sheria."

"Kuisifu!" Kanga nusura aanguke. "Bi Sange, jua limekuingia kichwani?"

"Nitaisifu," akasema Bi Sange, "mpaka iwachome wenyewe."

Sasa, wanangu, sheria ile ilikuwa na mwenyewe. Aliyeipika ni Kiboko. Kiboko alikuwa mjumbe mkubwa wa Baraza, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kulala katikati ya Lukoka. Wadogo wakija kunywa, vicheko na mazungumzo yao yanamkatiza usingizi. Akifumbua macho, anaona maji ni tope tupu. Basi akasema moyoni, wanaonitibulia maji ni hawa hawa wapiga kelele. Akamwambia Fisi. Fisi akalivika jambo maneno marefu. Likawa sheria.

Bi Sange akamkuta bwawani, masikio na pua tu ndivyo viko juu ya maji.

"Shikamoo, Bwana Kiboko!"

"Marahaba. Nani huyo? Sioni mtu."

"Niko huku chini, juu ya jiwe."

"Aaa, Sange. Umekuja kulia?"

"La. Nimekuja kukupongeza."

Chwaaa! Kichwa chote kikatoka majini. "Kunipongeza?"

"Naam! Bwawa bila sheria ni dimbwi tu. Umefanya vizuri. Ila..." Bi Sange akainamisha kichwa. "Basi, wacha. Mdomo wangu mwepesi. Nina vijia vya kufagia. Kwaheri."

"Ebo! Rudi hapa! Ila nini?"

"Ila roho inanidunda kwa ajili yako, Bwana Kiboko."

"Kwa ajili yangu mimi? Nani wa kunifanya nini?"

"Sheria inasema wanyama wadogo. Sasa mimi nikajiuliza, mdogo ni nani?"

"Ha! Mdogo ni wewe!"

"Kwako wewe, ni mimi kweli. Lakini mbele ya siafu, mimi ni mlima. Haya, na mbele ya Mzee Tembo, mwenyekiti wenu, wewe ni nani?"

Kiboko akafungua mdomo, ule mdomo wake unaoweza kumeza mlango. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Mimi... mimi ni mnene," akasema.

"Sheria haikutaja unene. Imetaja udogo. Mzee Tembo akisimama pembeni yako, mgongo wako unamfika wapi?"

"Tumboni," akasema Kiboko polepole.

"Tumboni! Tena leo mnapatana. Je, kesho mkikosana? Si atasimama tu aseme, Katibu, hebu soma ile sheria ya Kiboko. Hapa mdogo ni nani?"

"Mama yangu wee!" Kiboko akasema, na mawimbi yakapiga ukingo, chwaa, chwaa. "Sasa wewe ungefanyaje?"

"Mimi? Mimi nijue nini mambo ya sheria? Lakini nilikuwa nafikiri, kosa lenyewe ni kutibua maji, sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi si iseme hivyo tu? Anayetibua maji. Awe mdogo, awe mkubwa, awe nani. Au..." Bi Sange akamtazama usoni. "Kwani wewe huwa unatibua maji, Bwana Kiboko?"

"Mimi!" Kiboko akakasirika kwelikweli. "Mimi hulala tu! Simgusi mtu. Lakini kila nikifumbua macho, tope! Kila nikifumbua macho, tope! Ni ninyi!"

Bi Sange akaona kwamba hadanganyi. Hajui. Mwenye kukaa ndani ya tope atajuaje lilikotoka?

"Basi huna la kuogopa," akasema. Akaruka, chupu! Akapotea majanini.

Njiani akamkuta Fisi anajisemea maneno yake marefu, anafanya mazoezi.

"Bwana Katibu, hujambo?"

"Sijambo. Nina shughuli."

"Sikuzuii. Nataka kuuliza tu. Mimi ni mdogo, hilo halina mjadala. Lakini wewe, ukisimama karibu na Mzee Tembo, unampita goti?"

Fisi akasimama ghafla. "Goti? Goti limeingiaje?"

"Halijaingia. Lakini sheria haina kipimo, na sheria isiyo na kipimo, kipimo chake ni cha mwenye nguvu. Wakisema mdogo ni yule asiyempita Tembo goti?"

Fisi akatazama huku na huku. Palikuwa na kichuguu chenye kimo cha goti la Tembo. Akakisogelea. Akanyoosha shingo. Akainua mabega. Wapi! Nyuma yake huku, kama mjuavyo, Fisi ameinama siku zote.

"Jaribu kusimama kwa miguu ya nyuma," akasema Bi Sange.

Fisi akasimama kwa miguu ya nyuma. Akayumba kushoto. Akayumba kulia. Pu! Akaanguka chali.

"Marekebisho!" akapiga kelele akiwa bado chini, miguu hewani. "Lazima kuwe na marekebisho!"

Bi Sange akamwacha hapo hapo, akaenda kuwapikia wanawe.

Mwezi ukaandama. Asubuhi ile Baraza likakaa ukingoni mwa Lukoka. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tembo. Mzee Tembo hakuwa mbaya, jamani. Kasoro yake ni moja tu: masikio alikuwa nayo makubwa, lakini waliokaa karibu nayo walikuwa wale wale kila siku. Wanyama wadogo hawakuwa na ruhusa ya kukaa barazani, wakasimama nyuma, mbali. Mtoto wa Bi Paa ameegemea tumbo la mama yake.

"Wajumbe," akasema Mzee Tembo, "mmesikia mswada. Kuna mwenye neno?"

Kiboko akainuka. "Ninalo, Mwenyekiti. Neno 'wadogo' liondoke."

Mzee Tembo akapepea masikio, pa, pa. "Liondoke? Si wewe uliyelileta?"

"Nimetafakari, Mwenyekiti. Haki haina kimo. Tuseme yeyote anayetibua maji."

"Naunga mkono!" Fisi akaruka juu. "Naunga mkono kwa miguu yote minne! Na mambo ya magoti yasitajwe kabisa!"

"Magoti gani?" akauliza Mzee Tembo.

"Hakuna, Mwenyekiti. Hakuna magoti."

Mzee Tembo akafikiri. Akifikiri yeye, nyote mnasubiri. Mwisho akasema: "Yeyote?"

"Yeyote!" akasema Kiboko.

"Mdogo au mkubwa?"

"Mdogo au mkubwa!"

"Na adhabu yake?"

"Asikanyage Lukoka mpaka mvua zinyeshe. Bila msamaha!"

"Nani anakubali?"

Wakubwa wote wakanguruma. Mzee Tembo akapiga mguu chini. Guu! Sheria ikapita.

Hapo kisauti chembamba kikasikika kutoka nyuma: "Mjomba Mwenyekiti! Naomba kusema!"

"Haruhusiwi!" akafoka Fisi.

"Ngoja," akasema Mzee Tembo. "Nani ameniita mjomba?"

"Ni mimi, Sange. Tazama pua yangu, mjomba, kisha utazame yako."

Pua ya Bi Sange ikacheza. Mkonga wa Tembo nao, bila mwenyewe kutaka, ukacheza. Baraza zima likaangua kicheko. Hata Nyati, ambaye hajacheka tangu azaliwe, akakohoa kidogo.

"Sema, mpwa wangu," akasema Mzee Tembo.

"Sheria imepita, tumeisikia, na sisi wadogo tunaikubali. Naomba jambo moja. Leo Baraza limekaa hapa tangu asubuhi, na hakuna aliyeingia majini. Sote tunywe, mmoja mmoja, mbele ya macho ya wote. Anayetibua ajulikane leo."

"Naam!" Kiboko akadakia. "Waanze wadogo! Mtaona wenyewe wanavyovuruga!"

Wanyama wakageuka kutazama bwawa. Wakashika midomo.

Maji yalikuwa yametulia, yamekuwa kama hewa. Chini kabisa yalionekana mawe meupe, na samaki wadogo wanapita katikati yake.

"Kumbe Lukoka ina mawe!" akasema Nyati. "Miaka yote hii, kumbe ina mawe!"

Akaanza Kanga. To, to, to. Akainua kichwa, akameza. Maji hayakutikisika. Akafuata Bi Sange na mapacha wake. Wakatoa vindimi, la, la, la. Maji safi.

Akaja Bi Paa na mwanawe. Mama akanywa vizuri. Mtoto akainama, miguu ikayumba, na goti likateleza likaingia majini. Kiwingu kidogo cha vumbi kikainuka.

"Ametibua!" akapiga kelele Fisi. "Ametibua! Ametibua!"

Bi Paa akamkumbatia mwanawe. Pua ya Bi Sange ikaacha kucheza, maana hili hakulipanga.

"Nyamaza, Katibu," akasema Mzee Tembo. Akapiga magoti, akasogeza jicho lake moja karibu na maji. Wote wakanyoosha shingo. Kile kiwingu kikazunguka, kikapungua, kikatua. Mawe yakaonekana tena.

"Hajatibua," akasema Mzee Tembo. "Ameteleza. Nenda, mama."

Fisi akanywa pembeni, kwa adabu. Nyati akanywa kwa tahadhari, anahesabu hatua kama bi harusi. Mzee Tembo akasimama nchi kavu, akanyoosha mkonga, fyooo! Maji safi.

"Bado Kiboko," akasema.

Kiboko alikuwa amekaa juani tangu asubuhi. Ngozi inamuwasha, koo linamuwaka. Akashuka mbio, gudu! gudu! gudu!

CHUBWIII!

Mawimbi yakapanda ukingoni. Tope likainuka kutoka chini kama moshi wa moto wa porini, likafika huku, likafika kule. Bwawa zima likawa jekundu kama uji wa ulezi. Samaki hawaonekani. Mawe hayaonekani.

Wanyama wakarudi nyuma wasilowane.

Kiboko akajizungusha mara mbili kwa raha, akatoa kichwa, akafumbua macho.

"Mnaona sasa!" akanguruma. "Tope! Si nilisema? Nani ametibua?"

Macho yote yakamgeukia yeye.

"Nauliza, nani ametibua?"

Akamtazama Kanga. Kanga yuko nchi kavu. Akamtazama Bi Paa. Yuko nchi kavu. Akawatazama wote, mmoja mmoja, wote wako nchi kavu. Kisha Kiboko akatazama tumbo lake, na tope linalochemka kulizunguka.

"Ni... mimi?" akauliza.

Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo sana. "Siku zote, ni mimi?"

"Katibu," akasema Mzee Tembo kwa upole, "soma sheria."

Fisi akakohoa. "Kwa mujibu wa... na bila kuathiri... isipokuwa pale ambapo, kwa sababu za msingi..."

"Kwa Kiswahili cha kunywea uji!" wakapiga kelele wanyama wote.

"Anayetibua maji, mdogo au mkubwa," akasema Fisi, "asikanyage Lukoka mpaka mvua zinyeshe. Bila msamaha."

Kiboko akatoka majini. Alitembea polepole, maji yanamchuruzika. Jua likampokea mgongoni, na muda si mrefu jasho jekundu, lile la viboko wakipigwa na jua, likaanza kumtoka.

"Nje! Nje!" akaanza Kanga. Wengine wakaitikia. "Nje! Nje! Nje!" Na aliyekuwa akipiga kelele kuwashinda wote, mnafikiri ni nani? Fisi!

Bi Sange akasimama juu ya jiwe lake. Saa hii ndiyo aliyokuwa akiingoja. Alidhani itakuwa tamu. Lakini akamwona Kiboko anavyotazama upande wa milima, kisha anatazama ngozi yake, kisha anatazama milima tena, na utamu ukamkauka mdomoni. Aliijua sura ile. Aliiona uani kwake, kwa Bi Paa, siku baragumu lilipolia.

"Mjomba Mwenyekiti!" akaita. "Sheria hii ni mbaya!"

Kelele zikakatika.

"Mbaya?" akasema Mzee Tembo. "Si ulisema mnaikubali?"

"Nilisema. Nilitaka muione ikifanya kazi."

Kiboko akageuka. "Kumbe ulinitega, Sange."

"Nilikutega, Bwana Kiboko. Sikukwambia uongo hata neno moja, lakini nilikutega. Niambie, siku ile ningekuja kwako ninalia, ungenisikiliza?"

Kiboko akafikiri. Akasema: "La. Nisingekusikiliza."

"Ndiyo maana."

Bi Sange akawageukia wote. "Juzi sheria ilitaka kumfukuza mtoto wa Paa. Leo inamfukuza Kiboko. Kesho sijui itamfukuza nani. Tukiendelea hivi, bwawa litabaki na maji mazuri sana na halitakuwa na mnywaji! Tukae tena. Ila safari hii tukae wote."

"Wadogo barazani?" akasema Fisi. "Haijawahi kutokea!"

"Ndiyo maana na mawe hatukuwahi kuyaona," akasema Mzee Tembo. "Sogeeni, wadogo. Sogeeni mbele. Kiboko, ingia kivulini kwangu, jua lisikuumize."

Basi wakakaa. Na siwafichi, walibishana! Kanga alisema sana. Nyati alikasirika, akatulizwa. Lakini Bi Paa, ambaye alikuwa hajawahi kusema mbele ya Baraza, ndiye aliyesema la maana.

"Mimi hunywa kule juu, chemchemi inakotokea," akasema. "Maji huanzia kule, yanashuka huku chini, yanaishia kwenye matete yale. Kwa nini tunywe pale anapolala mtu? Sisi tunywe juu. Bwana Kiboko alale chini. Tope lake litashuka, halitapanda."

Wote wakatazamana.

"Na katikati nitajenga tuta," akasema Kiboko. "Tope ninalo, na tumbo la kulisukumia ninalo. Nipeni kazi hiyo, tafadhali."

"Na Katibu?" akauliza Kanga. "Katibu naye apewe sheria yake! Jambo likitaka kuwa sheria, alitangaze mapema, kwa maneno tunayoyajua, na aulize, nani litamuumiza? Akishajibiwa, ndipo Baraza likae."

"Kila jambo?" Fisi akalia. "Kwa maneno mafupi?"

"Mafupi," akasema Mzee Tembo. "Na wadogo wawe na kiti hapa. Nadhani anayefaa ni Sange."

"Sange! Sange!" wakashangilia.

Bi Sange akatikisa kichwa. "Nashukuru, mjomba, lakini msinipe. Mimi ni mjanja. Leo nimewatega wao. Mkinipa kiti, kesho nitawatega ninyi. Mpeni Kanga, maana Kanga akiona jambo hawezi kunyamaza hata akitaka."

"Ni kweli, siwezi," akasema Kanga. "Hata sasa hivi nina mambo ya kusema, la kwanza ni..."

Guu! Mzee Tembo akapiga mguu chini. Sheria mpya ikapita.

Kiboko hakungoja kupoa. Aliingia kazini, anasukuma tope kwa kifua, hm! hm! hm! Nyati akamsaidia kwa pembe. Tembo akaleta magogo. Mapacha wa Sange wakakanyagia udongo wa juu, ingawa uzito wao haukuwa kitu, lakini nani angewaambia? Jua lilipoanza kuteremka, tuta lilikuwa limesimama, na maji ya chemchemi yanapita pembeni yake yakicheka.

Kiboko akashuka upande wake wa chini. Chubwi! Tope likapanda, likashuka na maji, likaingia kwenye matete, likaishia huko.

"Nimetibua?" akaita kutoka ng'ambo ya tuta.

"Hujatibua!" wakamjibu wanywaji.

Akapiga mbizi, akaibuka. Kisha: "Na sasa?"

"Bado hujatibua!"

"Nimegeuka ubavu. Je, sasa?"

"Lala, Bwana Kiboko!" akasema Bi Paa, na mwanawe ananywa pembeni yake bila mtu wa kumfukuza. "Lala tu, baba. Maji ni safi."

Hadithi imefika ukingoni, nami nawapa neno lake mwondoke nalo: ukitunga sheria, itunge kana kwamba wa kwanza kufungwa nayo ni wewe.